Nicolas Appert, Aliyehifadhi Maji ya Matunda katika Chupa

Katika usharika mmoja wa huku milimani Usambara yuko mama mjane ambaye kwa miaka kadhaa hutengeneza maji ya plamu na ya pasheni. Huyatia katika chupa, huzichemsha chupa zenyewe ndani ya sufuria kubwa, kisha huziweka akiba na kuziuza sokoni katika miezi ile ambayo miti haina tunda. Kwa kazi hiyo amewasomesha watoto wake watatu. Msimu uliopita plamu zilizaa kupita kiasi. Bei ikaanguka, magari ya wanunuzi yakaacha kuja, na matunda yakaoza chini ya miti hata mbuzi wakayachoka. Ndipo akina mama wa usharika walipotujia, wakatuomba tumsihi mama yule awafundishe kazi yake.

Tukamwendea. Hakukataa, wala hakukubali. Alituuliza jambo moja tu, ya kwamba wakiisha kujua wote, ni nani atakayenunua kwake? Tulikuwa hatuna jibu. Kumwambia upesi kwamba kugawana ni kuzuri tuliona si haki, maana sisi hatuli kwa kuuza chupa. Tukarudi nyumbani, tukatafuta habari za mtu yule aliyeivumbua kazi hii hapo kwanza, ambaye naye aliulizwa kama atafundisha au atanyamaza. Habari zake ndizo tunazowaandikia hapa, na yale yasiyopendeza hatukuyaficha.

Nicolas Appert alizaliwa tarehe 17 Novemba 1749 katika mji wa Châlons-sur-Marne, mashariki mwa Ufaransa, katika nchi ya mizabibu ambako divai ya shampeni hutoka. Vitabu vingi vimemwita François, lakini habari za kuzaliwa kwake zilizoandikwa mjini zamtaja Nicolas, nasi twafuata hizo. Baba yake alikuwa mwenye nyumba ya wageni, na watoto walikuwa wengi, yeye akiwa wa tisa. Hakupita katika chuo chochote cha elimu. Chuo chake kilikuwa jiko la baba yake, pamoja na ghala ya chini ambamo divai hulazwa. Huko alijifunza mapema kwamba chupa iliyozibwa vizuri na chupa iliyozibwa ovyo si kitu kimoja, ijapokuwa kwa macho zafanana.

Alipokuwa kijana aliingia katika upishi wa wakubwa. Alimpikia mtawala wa Zweibrücken, nchi ndogo ya Kijerumani, na mtawala huyo alipofariki alimtumikia mjane wake. Mwaka 1784 alifika Paris, akafungua duka la vitu vitamu katika mtaa wa rue des Lombards, na mwaka uliofuata akaoa. Mambo ya duka hilo yalimwendea vizuri, na kama angeridhika nayo hatungekuwa na habari ya kuandika.

Lakini hakuridhika. Watu wa siku zile walihifadhi vyakula kwa njia zile zile ambazo wazee wetu wazijua, yaani kuanika juani, kukausha kwa moshi, kutia chumvi na kutia siki, na kwa matajiri kutia sukari nyingi. Kila njia huhifadhi, walakini kila njia huondoa kitu. Embe lililoanikwa ni chakula kizuri, ila si embe tena. Na maji ya matunda ndiyo yenye shida kuliko yote, kwa kuwa hayaaniki wala hayapandi darini penye moshi. Yaache siku mbili tatu, hutoa povu na kuwa pombe. Yaache zaidi, huwa siki. Katika duka lake Appert aliyahifadhi kwa sukari kama wenzake, naye akaona kwamba sukari hufunika harufu na ladha ya tunda hata mtu hajui anakunywa nini. Tena sukari ilitoka mbali, katika visiwa vya Amerika, na bei yake haikuwa ya maskini.

Mwaka 1789 maasi makuu ya Wafaransa yalianza. Appert alikuwa upande wa wale waliotaka mageuzi, akashika kazi za baraza katika mtaa wake. Siku zile hata watu wa mageuzi walishtakiana wao kwa wao, naye mwaka 1794 akatiwa gerezani, akakaa yapata miezi mitatu, akaachiliwa. Wengi waliofungwa mwaka huo hawakutoka wakiwa na vichwa vyao. Mwaka uliofuata alihama Paris, akakaa Ivry, karibu na mto Seine, akaanza kujaribu kwa bidii lile lililokuwa moyoni mwake.

Hapa tupunguze mwendo kidogo, maana sehemu hii ya maisha yake ndiyo inayowahusu akina mama wetu zaidi.

Wazo lake likisemwa ni jepesi. Tia chakula au maji ya matunda katika chupa. Ziba chupa. Iweke chupa iliyozibwa ndani ya maji, uyachemshe maji hayo kwa muda unaofaa. Itoe. Ni mambo manne tu, na ndivyo alivyoyapanga mwenyewe baadaye katika kitabu chake. Mtaalamu mmoja wa Italia, Spallanzani, alikuwa amekwisha kuonyesha miaka ya 1760 kwamba mchuzi uliochemshwa ndani ya chombo kilichofungwa kabisa hauozi. Lakini jambo la mtaalamu katika chumba chake ni moja, na ghala yenye chupa elfu ambazo zote ni nzima ni lingine. Kati ya hayo mawili Appert alitumia miaka mingi.

Taabu yake kubwa ilikuwa kizibo. Siku hizo hapakuwa na vifuniko vya kuzungusha wala vya bati. Vizibo vilichongwa kwa gome la mti, na gome lile lina vitundu vidogo vinavyopenya toka upande hata upande. Akavikata vizibo hivyo vitundu vikae kwa kulala, visiwe njia ya hewa kutoka nje kwenda ndani. Kwa mitungi yenye midomo mipana alibandika vipande vya gome kwa gundi, kimoja juu ya kingine. Alikuwa na chombo cha kukibana kizibo kwanza, kama mtu atafunavyo, kisha akakipiga kwa kibao hata kikashika, akakifunga kwa waya uliopita juu kama msalaba. Kwenye mitungi mikubwa alipaka juu yake mchanganyiko wa chokaa na jibini, ambao ukikauka huwa mgumu kama jiwe. Alichagua chupa za shampeni kwa kuwa kioo chake ni kinene. Alijua pia kwamba chupa haijazwi hata mdomoni, bali huachiwa nafasi, kwa sababu vilivyo ndani huvimba vikipata moto.

Kisha kila chupa aliivika mfuko wa kitambaa kizito, akazisimamisha zote katika sufuria kubwa, akatia maji ya baridi hata shingoni, akafunika, akawasha moto polepole. Mfuko ulikuwa na kazi mbili: chupa zisigongane, na moja ikipasuka vigae visitawanyike katika sufuria. Wala hakuzitoa chupa zikiwa za moto na kuzitua penye baridi. Aliondoa moto, akangoja. Kungoja huku ndiko kunakowashinda wengi. Katika nyumba yetu wenyewe tulipoteza chupa sita kwa siku moja, kwa kuwa tuliziweka juu ya sakafu ya saruji asubuhi ya baridi, na maji ya pasheni yakatiririka hata mlangoni.

Muda wa kuchemsha haukuwa mmoja kwa vitu vyote. Nyama na njegere zilitaka saa nzima na zaidi. Kwa matunda laini na maji yake aliona kwamba moto mdogo watosha: maji ya sufuria yakianza tu kuchemka, alivuta kuni akaacha. Akizidisha, ladha ilikwenda. Kwa njia hii alihifadhi maji ya matunda madogo mekundu ya kwao na maji ya zabibu yaliyokamuliwa, bila sukari na bila kuwa divai. Katika nchi yake hilo lilikuwa jambo geni, kwa kuwa tangu zamani za Nuhu maji ya zabibu yakiwekwa hugeuka divai yenyewe, na kila mtu alidhani ndiyo tabia yake isiyozuilika.

Katika miaka ya kwanza ya 1800 alinunua shamba huko Massy, kusini mwa Paris, akapanda njegere na maharagwe, akajenga nyumba ya kazi, akawaajiri wanawake wengi wakati wa mavuno. Kwa hiyo tunda au mboga ilichumwa asubuhi, na kabla ya jioni ilikuwa ndani ya chupa. Mwaka 1803 mabaharia wa serikali walivijaribu vyakula vyake katika bandari ya Brest, wakavifungua baada ya miezi mitatu, wakaviona vizuri. Watu wenye ulimi mwepesi wa kutambua vyakula huko Paris walizisifu njegere zake magazetini. Lakini mwaka 1806 alipopeleka chupa zake katika maonyesho makubwa ya kazi za Ufaransa, waamuzi hawakumpa tuzo yoyote. Nasi twaweza kudhani sababu, maana chupa yenye maji ya matunda imesimama mezani kati ya saa za dhahabu na vitambaa vya hariri, nani ataitazama?

Mwaka 1809 chama cha kustawisha kazi za nchi kilimtuma Parmentier, yule aliyewafundisha Wafaransa kula viazi, pamoja na wataalamu wenzake, wakachunguza chupa za Appert na kutoa taarifa njema. Ndipo serikali ilipomwita, na hapo ndipo penye swali la mjane wetu.

Appert alipewa njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua hati ya serikali ya kuilinda kazi yake, mtu mwingine asiifanye bila kumlipa kwa muda wa miaka kadhaa. Ya pili ni kupokea fedha mara moja, kwa sharti la kuandika kitabu kinachofunua kila kitu ili mtu yeyote aweze kufanya. Akachagua ya pili. Mwaka 1810 alipewa faranga 12,000, naye akatoa nakala 200 kwa serikali, zilizopigwa chapa kwa gharama yake mwenyewe. Katika kitabu hicho hakuficha neno. Alieleza vizibo, waya, mifuko, sufuria, na muda wa kila kitu, na alikiandika kwa lugha ambayo mwenye jiko aweza kuifuata, wala si kwa lugha ya wataalamu.

Tusimfanye malaika. Faranga 12,000 zilikuwa fedha nyingi, naye alikuwa na madeni. Yawezekana pia alijua kwamba hati haimfai sana mtu ambaye kazi yake yaweza kufanywa katika kila jiko, maana ni nani atakayezunguka nyumba kwa nyumba akitazama sufuria za watu? Hata hivyo alikuwa mtu wa miaka 60, na alichokitoa ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho wengine hawakuwa nacho.

Mwaka huo huo wa 1810, mwezi wa Agosti, mfanya biashara wa London aitwaye Peter Durand alipewa hati na mfalme wa Uingereza kwa kazi hiyo hiyo ya kuhifadhi vyakula, naye alikiri kwamba habari yenyewe ameipata kwa mgeni wa ng'ambo. Katika hati ile alitaja pia vyombo vya bati. Hati ikauzwa kwa watu wenye kiwanda cha chuma, akina Donkin, nao baada ya miaka michache walikuwa wakiuza nyama ndani ya makopo kwa manowari za Uingereza. Makopo hayo yalifunguliwa kwa patasi na nyundo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amefikiri bado jinsi ya kuyafungua. Appert mwenyewe alikwenda London mwaka 1814, akaona jinsi kazi yake ilivyowapa watu wengine mali.

Mwaka huo huo na mwaka uliofuata vita vya Napoleon vilimalizika kwa kushindwa, na majeshi ya kigeni yakaingia Ufaransa. Nyumba ya kazi huko Massy ilitwaliwa na askari, ikaharibiwa. Alikuwa amebaki na ujuzi tu, nao ulikuwa umekwisha kupigwa chapa na kusomwa na kila mtu. Akaanza upya Paris akiwa mzee. Serikali ilimpa mahali pa kufanyia kazi kwa muda, kisha ikapataka tena. Akajifunza kutumia makopo ya bati kama Waingereza, akatengeneza mchuzi mkavu wa vipande, akapiga kitabu chake mara ya nne, akiongeza aliyoyaona. Mwaka 1822 kile chama cha kustawisha kazi kilimpa jina la heshima, mfadhili wa wanadamu. Jina hilo ni zuri, lakini halinunui kuni.

Mwaka 1836, akiwa na miaka 86, alirudi kukaa Massy. Akafariki huko tarehe 1 Juni 1841, katika umri wa miaka 91, naye alizikwa katika kaburi la pamoja kama wazikwavyo wasio na mtu wa kuwalipia.

Kuna jambo moja alilokufa bila kulijua, nalo ni sababu ya kazi yake kufaulu. Alijua kwamba moto huhifadhi na kizibo hulinda, lakini kwa nini hivyo hakuweza kusema. Wataalamu wa siku zake walidhani wajua. Gay-Lussac, mtu mkubwa wa elimu ya kemia, mwaka 1810 alitwaa chupa ya maji ya zabibu iliyokaa mwaka mzima kwa njia ya Appert, akayamimina katika chupa nyingine. Baada ya siku chache yakaanza kutoa povu. Akakata shauri kwamba ni hewa yenyewe inayochachusha, na kwamba Appert aliyahifadhi kwa kuiondoa. Kwa miaka 50 watu walifundisha hivyo. Kisha akaja Louis Pasteur, akaonyesha katika miaka ya 1860 kwamba si hewa tupu, bali ni vijidudu vilivyo hai vinavyochukuliwa na vumbi na vinavyokaa juu ya ganda la tunda, mikononi mwetu na ndani ya vyombo. Moto huviua, na kizibo huvizuia vingine visiingie. Gay-Lussac alipomimina maji yale katika chupa nyingine, ndipo alipoyapandia mbegu bila kujua.

Pasteur alipokuwa akitafuta njia ya kuizuia divai isiharibike alivumbua kuipasha moto, na watu wakaiita njia hiyo kwa jina lake. Baadaye alisoma kitabu cha Appert, akakuta kwamba yule mpishi alikuwa amekwisha kuipasha moto divai ya Beaune katika chupa na kuipeleka kwa meli hata kisiwa cha Saint-Domingue, ng'ambo ya bahari kuu, ili aone kama itaharibika njiani, nayo ilirudi nzuri. Pasteur hakunyamaza. Katika kitabu chake juu ya divai cha mwaka 1866 aliandika wazi kwamba Appert alimtangulia. Ilikuwa miaka 25 baada ya mazishi ya Massy.

Katika makanisa pia kazi hii imeacha alama yake. Mwaka 1869, huko Vineland katika jimbo la New Jersey, Marekani, mganga wa meno aitwaye Thomas Bramwell Welch, mtu wa kanisa la Methodisti, alichuja maji ya zabibu, akayatia katika chupa, akazichemsha, ili usharika wake uwe na tunda la mzabibu lisilo na kileo mezani pa Bwana. Mwanzoni sharika hazikumtaka, akarudi kwenye meno yake, na mwanawe ndiye aliyeiendeleza biashara hiyo baadaye. Sisi Walutheri twatumia divai, na hapa si mahali pa kujadiliana hilo. Twaitaja tu kwa kuwa wengi huuliza maji hayo ya zabibu yalitoka wapi.

Tukiwa hapa tuwaonye wanaotaka kujaribu nyumbani, maana tangu Appert mengi yamejulikana. Maji yanayochemka yatosha kwa matunda yenye ukali, kama pasheni, machungwa, malimau, mananasi na plamu. Papai, ndizi, tikiti maji, na maembe mengine yaliyoiva sana hayana ukali wa kutosha, kwa hiyo hutiwa maji ya limau kabla ya kufungwa. Kuna kijidudu kimoja ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka, nacho hutoa sumu ya kuua ndani ya chombo kilichofungwa, lakini penye ukali hakistawi. Ndiyo sababu nyama, maharagwe na mboga havifai kuhifadhiwa kwa sufuria ya kawaida, bali kwa sufuria ya mvuke wa nguvu, ijapokuwa Appert alithubutu. Jambo la pili ni mwinuko. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini huku kwetu, penye mita 1,400 juu ya bahari, huchemka kwa karibu digrii 95, kwa hiyo moto wake una nguvu ndogo zaidi. Wanaofundisha kazi hii leo huagiza maji ya zabibu au ya tufaha yaliyotiwa katika chupa yakiwa ya moto yachemshwe tena dakika 5 karibu na bahari, na dakika 10 penye mwinuko kama wetu. Mjane wetu alikuwa akichemsha dakika 10 siku zote bila kuambiwa na mtu. Alisema alijifunza kwa chupa zilizoharibika.

Basi tulirudi kwake, tukamsimulia habari hizi zote, tangu nyumba ya wageni ya Châlons hata kaburi la Massy. Alisikiliza huku akichambua pasheni. Hakuuliza juu ya Pasteur wala juu ya Napoleon. Aliuliza faranga 12,000 zilikuwa sawa na kiasi gani, nasi tukashindwa kumhesabia. Akauliza tena kama chupa za yule bwana zilipasuka, tukamwambia kwamba zilipasuka, na kwamba ndiyo sababu ya ile mifuko. Hapo akacheka kidogo, akasema kwamba yeye hutumia matambara ya khanga kuukuu.

Siku ya Jumatano alituma mtoto na jibu lake. Atafundisha, lakini si bure. Kila mama atakayekuja alete chupa nne tupu zenye vifuniko vizuri, na mbili kati yake zitabaki kwa mwalimu. Tena kila mama achague tunda lake, asiyetaka plamu afanye pichi, mwingine nanasi, ili wasikutane wote sokoni na kitu kimoja. Pasheni amejiwekea mwenyewe. Akina mama kumi na mmoja wamekwisha kuandikisha majina, na mzee wa kanisa mmoja, ambaye mkewe ni mgonjwa, ameomba naye aruhusiwe.